Nani Hukiamsha Kirusi? Kumbukumbu za Maabara ya Kamina

Swali nililoulizwa mara nyingi kuliko jingine lolote katika miaka niliyofanya kazi ya maabara mjini Kamina, tangu zilipoanza kutufikia dawa za kupunguza makali ya ukimwi, maradhi ambayo sisi watu wa Kongo twayaita sida, lilikuwa hili: ikiwa kipimo kimeonyesha kwamba virusi havionekani tena katika damu yangu, kwa nini naamriwa kumeza kidonge kila siku hata mwisho wa umri wangu? Waliliuliza akina mama waliotoka sokoni na vikapu vyao, waliliuliza askari wa kambi, waliliuliza walimu na wachungaji. Na jibu letu sote, wauguzi na mafundi wa maabara, lilikuwa moja, kwamba virusi havikufa bali vimelala, na siku dawa itakapokatwa vitaamka. Wengi waliridhika, au kwa adabu walionyesha kuwa wameridhika. Mzee mmoja, mstaafu wa reli aliyekuja kumsindikiza binti yake, hakuridhika. Alinitazama kwa upole, akasema, "Mwalimu, kilicholala huamshwa. Hiki nacho huamshwa na nani?"

Nilimwambia, "Mzee, hujiamsha chenyewe, na ukiwa na nafasi nitakueleza namna yake." Alikuwa na nafasi. Tukaketi barazani chini ya kivuli, binti yake akisubiri dawa dirishani, nami nikaanza kumweleza mambo ambayo tangu siku ile nimeyaeleza kwa wanafunzi wengi wa uuguzi, na ambayo naamini kwa moyo wote kwamba yeyote anayempa mgonjwa kidonge cha sida yampasa ayafahamu, maana ndani yake imo sababu ya kidonge chenyewe.

Ajabu ya kwanza ya mwili wa mwanadamu ni kwamba kila chembe hai yenye kiini ndani yake, iwe ya ini, ya ngozi au ya ubongo, imebeba maandiko yale yale ya DNA, herufi zipatazo bilioni tatu, zenye jeni karibu 20,000 za kutengeneza protini; na hata hivyo chembe ya ini haifanani na ya ubongo kwa sura wala kwa kazi. Tofauti basi haimo katika kuwa na jeni, bali katika jeni ipi inasomwa na ipi inaachwa kimya. Mwaka 1961, katika Taasisi ya Pasteur mjini Paris, François Jacob na Jacques Monod, waliokuwa wakichunguza jinsi bakteria wa matumboni wanavyojifunza kula sukari ya maziwa inapopatikana na kuacha inapotoweka, walitangaza kwamba kuna aina mbili za mamlaka juu ya jeni. Kuna sehemu za DNA zinazotawala jeni iliyo jirani nazo tu, wala haziwezi kufika kwingine. Na kuna vitu vinavyotengenezwa mahali pamoja, vikaacha asili yake, vikazunguka ndani ya chembe hai, vikaenda kutia athari juu ya jeni iliyo mbali. Kazi hiyo iliwapatia Tuzo ya Nobel mwaka 1965 pamoja na mwenzao André Lwoff. Kitu walichokifafanua wao kilikuwa cha kukataza. Vile vya kuhimiza vilithibitika baadaye, na wataalamu huviita transaktiveta. Katika makala haya nitaviita viamshi.

Kiamshi cha kawaida ni protini yenye sehemu mbili, moja ya kutambua herufi fulani za DNA na kuzishika, na ya pili ya kuita mitambo ya kunakili jeni. Roger Brent na Mark Ptashne walilithibitisha hilo mwaka 1985 kwa jaribio la busara kubwa: walichukua sehemu ya kushika kutoka katika protini ya bakteria, wakaiunganisha na sehemu ya kuita kutoka katika protini ya hamira, na kiumbe hicho cha mseto kikaamsha jeni barabara, maadamu herufi ambazo mkono wa bakteria unazitambua zilikuwa zimewekwa mbele ya jeni hiyo.

Mfano wa mambo haya tumeubeba sisi wenyewe damuni bila kujua. Katika miaka yote niliyoinamia darubini nikitafuta vijidudu vya malaria katika matone ya damu ya watoto wa Kamina, karibu vyote vilivyonijia machoni vilikuwa vya ile jamii kali iitwayo falsiparumu, na mara chache vya jamii nyingine mbili tatu. Lakini vivaksi, ambayo huwatesa sana watu wa Bara Hindi na wa Amerika ya Kusini, sikuwahi kuiona katika vioo vyangu, ilhali vitabu vyetu vya Kifaransa viliichora kwa rangi nzuri kana kwamba tungeikuta kila asubuhi. Mwaka 1976 Louis Miller na wenzake wa Marekani walitoa sababu: vivaksi huingia katika chembe nyekundu ya damu kwa kupitia protini iitwayo Duffy, na takriban watu wote wa Afrika ya Kati na ya Magharibi hawana protini hiyo juu ya chembe zao nyekundu. Mtu angedhani kwamba jeni yenyewe imepotea au imeharibika. La hasha. Mwaka 1995 Christophe Tournamille na wenzake mjini Paris walionyesha kwamba jeni iko kamili, haikupungua hata herufi moja ya mwili wake. Kilichobadilika ni herufi moja tu iliyo nje, mbele ya jeni, mahali ambapo kiamshi kiitwacho GATA1 hutakiwa kushika. Katika uboho wa mifupa, ambamo chembe nyekundu huzaliwa, GATA1 hufika na kukosa pa kushika, na jeni hukaa kimya. Lakini katika chembe za ndani ya mishipa midogo ya damu, ambako jeni hiyo huongozwa kwa njia nyingine, husomwa kama kawaida. Siku hizi wamepatikana watu wachache wasio na Duffy walioingiwa na vivaksi, hasa huko Madagaska, kwa hiyo ngao hii si kamili. Hata hivyo imetukinga karne nyingi, na asili yake yote ni kiamshi kimoja kilichokosa pa kushika.

Mzee yule wa reli alipenda sana habari hii. Aliniuliza kama Wazungu waliokuwa wakiishi mtaa wa wakubwa wa reli walikuwa na hiyo Duffy, nikamwambia ndiyo, walikuwa nayo, akatikisa kichwa kwa mshangao mkubwa.

Naye alikuwa na haki ya kuuliza habari za reli, kwa kuwa mji huu ni wa reli, na maradhi yenyewe yalikuja kwa reli. Mimi nilizaliwa katika kambi ya wafanyakazi mwaka 1956, mwaka ule ambao njia ya kutoka Kabalo iliungana na Kamina, na baba yangu, mtu wa Albertville, mji unaoitwa sasa Kalemie, alihamishiwa huku na kampuni, akaja na Kiswahili chake cha ziwani ambacho ndicho alichonilea nacho. Njia iliyotangulia ile ilikuwa imekamilika tangu mwaka 1928, kutoka Bukama penye mto Lualaba hadi Port-Francqui, yaani Ilebo, ambako abiria waliotoka Kinshasa kwa meli za mtoni walishuka na kupanda gari kuja Katanga. Mwaka 2014 Nuno Faria na wenzake, kwa kulinganisha herufi za virusi vilivyokusanywa katika Kongo kwa miaka mingi, walichapisha hesabu inayoonyesha kwamba mzazi wa virusi vya kundi lile lililoenea duniani kote alikuwa Kinshasa karibu na mwaka 1920, na kwamba kabla ya muongo wa 1930 kwisha uzao wake ulikwisha kufika Lubumbashi na Mbuji-Mayi. Sampuli ya kale kuliko zote iliyothibitishwa ilitoka katika damu ya mtu wa Kinshasa mwaka 1959. Kamina haikutajwa katika hesabu hiyo. Lakini hakuna gari lililotoka Ilebo kwenda Lubumbashi lisilopita Kamina, na nilipoisoma habari hiyo niliwakumbuka abiria niliowaona utotoni wakishuka na mikeka yao kununua maji na ndizi, nikajua kwamba kirusi kilipita mbele ya nyumba yetu kabla sijazaliwa, hakuna aliyekijua wala aliyestahili lawama kwacho.

Kirusi hicho kina herufi zisizofika 10,000 na jeni tisa tu. Kikiingia katika chembe nyeupe ya damu ya aina ya CD4, hugeuza maandiko yake ya RNA kuwa DNA, kisha huyapachika katika DNA ya chembe yenyewe, na tangu saa hiyo huwa sehemu ya urithi wa chembe ile, kikigawanywa nayo kila inapogawanyika. Kinachobaki ni kusomwa. Mwaka 1985 wachunguzi wa Boston, William Haseltine na Joseph Sodroski na wenzao, na wale wa Bethesda karibu na Washington, Suresh Arya, Flossie Wong-Staal, Robert Gallo na wenzao, walitambua kwamba jeni yoyote iliyowekwa nyuma ya herufi za mwanzo za kirusi husomwa kwa nguvu maradufu nyingi ndani ya chembe iliyokwisha kuambukizwa kuliko ndani ya chembe safi. Kulikuwa na kitu kinachozunguka. Kitu hicho ni protini ndogo ya amino asidi karibu mia moja, nayo iliitwa Tat.

Tat haifuati desturi ya viamshi wenzake. GATA1 na jamaa zake hushika DNA. Tat hushika RNA, ile nakala yenyewe inayozaliwa, ambayo herufi zake 59 za mwanzo hujikunja na kuwa umbo la kipini cha nywele liitwalo TAR. Na hapa ndipo nilipomwona mzee wangu akisogea mbele kitini, kwa sababu nilimweleza kwa mambo ya kazi yake. Nilimwambia kwamba kimeng'enya kinachonakili jeni, yaani polimerasi, huondoka kwa hiari yake, kisha baada ya herufi makumi machache husimama, kama gari lililotoka stesheni likazuiwa kwenye ishara ya kwanza: moto unawaka, dereva yupo, njia ni nzima, lakini kibali cha kuingia katika njia moja iliyo mbele hakijaletwa. Tat ndiyo inayokileta kibali. Kibali chenyewe si mali ya kirusi. Ni mali ya chembe hai, jozi ya protini ziitwazo CDK9 na siklini T1, ambayo chembe huitumia kuruhusu jeni zake yenyewe zisomwe hadi mwisho, na ambayo sehemu yake kubwa hufungiwa ghalani pamoja na RNA iitwayo 7SK na protini HEXIM1, isitumike ovyo. Tat huichomoa jozi hiyo ghalani, huileta mpaka penye TAR, na CDK9 hubandika fosfati juu ya polimerasi na juu ya protini zile zilizoizuia, na safari huendelea hadi herufi ya mwisho. Palipokuwa pakitoka nakala moja kamili hutoka mia na zaidi.

Aliyeitambua siklini T1 mwaka 1998 ni Katherine Jones na wenzake wa California, na katika uchunguzi wa mwaka ule lilidhihirika jambo ambalo kila nilipolifundisha lilinyamazisha darasa: chembe za panya haziitikii Tat ipasavyo, na sababu yake ni amino asidi moja tu ya siklini T1, ya 261, ambayo kwetu ni sisteini na kwa panya ni tairosini. Maradhi yaliyoua mamilioni ya watu yanategemea, pamoja na mambo mengine, mshikano mmoja mdogo namna hiyo.

Sasa angalia Tat inatoka wapi. Inatoka katika nakala kamili za kirusi chenyewe. Nakala chache za kwanza huzaa Tat chache, Tat hizo huzaa nakala nyingi, nakala nyingi huzaa Tat nyingi, na mambo huendelea kukua kwa kujilisha. Kinyume chake, Tat zikiwa haba mno mwanzoni, hutawanyika na kuharibika kabla hazijatosha, na kirusi hurudi kimya. Mwaka 2005 Leor Weinberger na wenzake walionyesha kwamba bahati ya Tat chache za mwanzo yaweza kuamua yote: chembe mbili zilizo sawasawa, zenye kirusi kile kile, moja ikageuka kiwanda na nyingine ikakaa kimya kama isiyo na kitu. Hivi ndivyo nilivyokusudia nilipomwambia mzee kwamba hujiamsha chenyewe.

Lakini cheche ya kwanza aghalabu hutoka kwetu. Mwaka 1987 Gary Nabel na David Baltimore walieleza kwamba katika herufi za mwanzo za kirusi zimo sehemu mbili za kushikwa na NF-kappa B, kiamshi cha mwili wenyewe ambacho hukaa nje ya kiini cha chembe na kuingia ndani pale tu chembe inapoitwa vitani. Chembe ya CD4 hupigana na kifua kikuu, hupigana na malaria. NF-kappa B huingia kiinini kuamsha jeni za vita, na kwa safari ile ile huamsha kirusi, ambacho hapo hupata nakala zake za kwanza, na Tat zake za kwanza, na jozi ya kibali kwa wingi. Huko Malawi ilithibitishwa kwamba wenye virusi wasiotumia dawa, wakipatwa na homa ya malaria, virusi huzidi katika damu yao mpaka homa itibiwe. Nchi yenye malaria kila msimu na kifua kikuu katika kila mtaa, kama hii yetu, hukipa kirusi miito mingi. Kwa hiyo sikuchoka kuwasihi wauguzi wampime kifua kikuu kila mwenye virusi anayekohoa, na wasiseme kwamba homa ni homa tu.

Kirusi kingine, HTLV-1, ambacho nacho kimo Kongo, kina kiamshi chake kiitwacho Tax. Tax huvuka mpaka ambao Tat haijali sana kuuvuka: huamsha pia jeni za chembe yenyewe, ikaisukuma igawanyike, na kwa wachache wa walioambukizwa, baada ya miongo kadhaa, hutokea saratani ya damu.

Narudi kwenye kidonge. Kile tunachogawa siku hizi huchanganya dolutegravir, tenofovir na lamivudine. Mbili za mwisho hukizuia kirusi kisigeuze RNA yake kuwa DNA, na ile ya kwanza hukizuia kisipachike DNA hiyo katika chembe mpya. Hakuna hata moja inayoigusa Tat. Kirusi kilichokwisha kupachikwa kabla ya dawa kimebaki palepale, na Tat yake imebaki na uwezo wake wote. Mwaka 1997 makundi matatu ya wachunguzi wa Marekani yalionyesha kwamba chembe za namna hiyo, zilizotulia, zimo hata kwa wagonjwa ambao damu yao imekuwa safi kwa muda mrefu. Na vipimo vilivyofuata vilionyesha kwamba hupungua nusu kwa takriban kila miezi 44, hesabu ambayo maana yake ni kwamba zingehitaji zaidi ya miaka 60 ya dawa zipate kwisha. Siku dawa inapokatwa, chembe moja inayoitwa vitani hutoa virusi, virusi hivyo havikuti kizuizi, na katika majuma machache kipimo hupanda tena.

Nilimwona mama mmoja wa upande wa Bukama, mchuuzi wa samaki wakavu, mwenye akili na bidii, aliyepata majibu mazuri, akamshukuru Mungu, akaacha kidonge kwa kuwa aliamini shukrani na shaka havikai nyumba moja. Alirudi baada ya msimu wa mvua akikohoa, mwepesi mno kwenye mizani. Alitibiwa kifua kikuu, akarudishiwa dawa, akapona, na kwa rehema za Mungu yu hai. Sikumkemea. Nilimweleza yale yale niliyomweleza mzee wa reli, kwa maneno ya soko badala ya maneno ya stesheni, na nilipomaliza aliniambia, "Baba, mngalinieleza hivi mwanzo, nisingaliacha." Nami naona alisema kweli. Tulikuwa tukiwaamuru watu, hatukuwa tukiwaeleza. Na katika kueleza, muuguzi asisahau kutoa bishara iliyo sawa na onyo lake: mtu anayemeza dawa yake na virusi vyake visionekane kwa kipimo, hamwambukizi mwenziwe kwa kukutana kimwili. Nimewaona watu waliolia kwa furaha waliposikia neno hilo, na wameoana, na wamezaa watoto wazima.

Wanafunzi wangu waliniuliza, kama ilivyo haki, kwa nini basi isitengenezwe dawa ya kuiziba Tat. Imejaribiwa. Dawa ya kwanza ya namna hiyo ilipewa wagonjwa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na haikupunguza virusi vyao. Mwaka 2012 Susana Valente na wenzake, kule Florida, walieleza habari ya didehidro-kortistatini A, iliyoundwa kwa kufuata kitu kilichopatikana katika sifongo wa baharini, ambayo hushikamana na Tat yenyewe na kuizuia isiifikie TAR. Na mwaka 2017 walionyesha kwamba panya waliopandikizwa chembe za kibinadamu, waliopewa dawa hiyo pamoja na dawa za kawaida, virusi vyao vilichelewa kurudi baada ya matibabu yote kusimamishwa. Shabaha yao ni kukinyamazisha kirusi kwa muda mrefu kiasi kwamba chembe yenyewe ikunje na kufunga sehemu ile ya DNA, na kukiacha humo.

Ugumu wa kazi hiyo aliutambua mwanafunzi mmoja, msichana wa Kaniama, kabla sijausema. Aliinua mkono akauliza, "Mwalimu, kama kibali ni mali yetu sisi, tukikizuia si tutazisimamisha jeni zetu wenyewe pia?" Nikamwambia ndivyo hasa, na ndiyo sababu CDK9 haiguswi katika tiba hii ila kwa hofu kubwa, na yapasa ishikwe Tat peke yake, ambayo ni ndogo, na haina umbo thabiti mpaka ipate mwenzi wa kushikamana naye, wala haina pango ambalo dawa ya kawaida yaweza kuingia ikatulia. Aliandika jambo hilo katika daftari lake, akalipigia mstari mara mbili, akauliza tena kama sisteini ile ya 261 isingeweza kuwa ndiyo mahali pa kuanzia.